Ndege Aliyejulikana kwa Mfupa: Mabaki, Majina na Ugunduzi

Hutokea mara chache, katika taaluma ya wanyama, kwamba kiumbe anayejulikana kwa mifupa iliyofukuliwa ardhini tu, na ambaye wataalamu wamekwisha kumhesabu miongoni mwa waliotoweka, anaonekana siku moja akitembea kwa miguu yake. Magazeti huliandika jambo hili kama muujiza. Kwa mwanaisimu si muujiza bali ni swali: kiumbe huyo alikuwa hajulikani kwa nani? Karibu katika kila kisa cha namna hiyo, watu waliokaa jirani naye walikuwa na jina lake, na jina hilo lilitamkwa sokoni, mtumbwini na jikoni wakati mfupa wake ukibandikwa nambari katika jumba la makumbusho.

Makala haya yanaeleza visa vichache vya aina hiyo, kisha yanarejea Kamina na bonde la Upemba, ambako swali lenyewe lina uzito wa pekee kwa wanaoshughulika na lugha.

Mfupa kabla ya ndege

Kwanza yafaa kufafanua istilahi. Kisukuku ni baki la kiumbe wa kale lililohifadhiwa ardhini: mfupa, gamba, jani, au hata alama ya unyayo. Kwa kawaida tope au mchanga hufunika mzoga, maji ya ardhini hupenyeza madini ndani ya mfupa, na baada ya muda mrefu sana kinachobaki ni umbo la mfupa katika jiwe. Mifupa ya ndege ni myepesi na mingi ina uwazi ndani, kwa hiyo huvunjika upesi. Ndiyo maana visukuku vya ndege ni haba kuliko vya wanyama wazito. Ipo pia mifupa ya kale ambayo haijageuka jiwe, kama ile ya mapangoni na ya kwenye vilima vya mchanga. Wataalamu huitenga na visukuku halisi, ingawa katika mazungumzo ya kawaida yote huitwa kwa jina moja.

Kisa cha ndege kinacholingana zaidi na maelezo haya kilitokea New Zealand. Mnamo mwaka 1847 Walter Mantell alikusanya mifupa mingi huko Waingongoro, katika Kisiwa cha Kaskazini, akaipeleka London kwa baba yake, Gideon Mantell, aliyekuwa mashuhuri kwa kuchunguza visukuku. Kutoka kwake mifupa ilifika kwa Richard Owen, naye mwaka 1848 akampa mwenye mifupa hiyo jina la kisayansi, Notornis mantelli: ndege mkubwa asiyeruka, wa jamii ya kukuziwa. Ilidhaniwa kwamba amekwisha kutoweka kama walivyotoweka moa, wale ndege wakubwa wa visiwa hivyo.

Mwaka uliofuata, 1849, wawindaji wa sili waliokuwa katika Kisiwa cha Resolution, upande wa kusini-magharibi wa nchi hiyo, waliona nyayo za ndege mkubwa kwenye theluji. Mbwa wao waliufuata mkondo wa nyayo, wakamkamata ndege akiwa hai. Mabaharia walikaa naye chomboni siku tatu au nne, kisha wakamchinja, wakamchoma, wakamla. Bahati ya sayansi ni kwamba ngozi haikutupwa, na Mantell aliwahi kuipata. Kwa hiyo ndege wa kwanza aliye hai kuthibitishwa baada ya kujulikana kwa mifupa aliingia katika historia kwa kupitia sufuria.

Mpaka mwaka 1898 walikuwa wamepatikana wanne tu. Baada ya hapo kimya kilitawala nusu karne, na ndege akatangazwa kuwa ametoweka mara ya pili. Tarehe 20 Novemba 1948 daktari mmoja wa Invercargill, Geoffrey Orbell, aliyekuwa akifuatilia habari zake tangu utotoni, aliwakuta katika bonde la juu la milima ya Murchison, karibu na Ziwa Te Anau. Tangu hapo wamelindwa, na idadi yao imefika mia kadhaa.

Sehemu ya kisa hiki ambayo haisimuliwi sana ndiyo inayomhusu mwanaisimu. Katika lugha ya Wamaori ndege huyu aliitwa moho katika Kisiwa cha Kaskazini na takahe katika Kisiwa cha Kusini. Kwa muda mrefu wataalamu waliyachukua majina hayo kuwa visawe vya lahaja, na wakamvika ndege hai wa kusini jina lililotolewa kwa mifupa ya kaskazini. Katika miaka ya 1990 uchunguzi wa mifupa na wa chembe za urithi ulionyesha kwamba walikuwa spishi mbili. Yule wa kaskazini kweli ametoweka. Anayeishi ni wa kusini, naye hubeba jina Porphyrio hochstetteri, lililotolewa mwaka 1883. Si kwamba Wamaori walipima mifupa wakagundua tofauti. Majina yalitofautiana kwa sababu visiwa vilitofautiana, na wasemaji walimwita kila mmoja ndege wao. Hata hivyo, mtu aliyeyaandika majina mawili yale kila moja na mahali pake alikuwa amehifadhi habari ambayo jumba la makumbusho liliipoteza kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tangazo katika lugha tatu

Karibu na nyumbani, katika eneo la lugha zilizo ndugu wa Kiswahili, mfano ulio maarufu kuliko yote si wa ndege bali wa samaki, na haufai kurukwa. Jamii ya silikanti ilijulikana kwa visukuku tangu karne ya 19, na visukuku vyake vya karibuni kabisa vina umri wa takriban miaka milioni 66. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa jumba dogo la makumbusho la East London, Afrika Kusini, aliona samaki wa ajabu katika shehena ya meli ya uvuvi. J.L.B. Smith, wa chuo cha Grahamstown, alimtambua, na mwaka 1939 akamwita Latimeria chalumnae.

Samaki huyo wa kwanza alikuwa ameharibika sehemu za ndani, basi Smith alitaka wa pili. Alichapisha tangazo lenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni mia moja, likasambazwa katika pwani ya mashariki ya Afrika. Lilikuwa katika lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili, lugha ya wavuvi wengi wa pwani hiyo, hakikuwamo, wala lugha za Komoro. Miaka kumi na minne ilipita. Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah, wa Nzwani, alivua samaki mkubwa akampeleka sokoni, na ni mwalimu wa shule, Affane Mohamed, aliyekuwa ameliona tangazo, aliyetambua kuwa ndiye anayetafutwa. Smith aliletwa kwa ndege ya kijeshi.

Wakomoro hawakushangazwa na samaki. Walikuwa na jina lake, gombessa, na walijua kwamba nyama yake ina mafuta mengi na haina thamani kubwa sokoni. Kilichowashangaza ni bei. Haiwezekani kuthibitisha kwamba tangazo la Kiswahili au la Kikomoro lingeipunguza ile miaka kumi na minne. Lakini ni wazi kwamba swali liliulizwa katika lugha zisizokuwa na jibu, likawaacha waliokuwa nalo.

Tangu mwaka 2003 samaki huyu amekuwa akinaswa pia katika pwani ya Tanzania, hasa Tanga, ambako mwaka 2009 ilianzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kiswahili kilimwita silikanti, neno lililofika kwa njia ya Kiingereza kutoka katika Kigiriki cha wanasayansi. Lugha ndugu, iliyo mwendo mfupi wa jahazi, ilikuwa na neno tayari. Katika uundaji wa istilahi husisitizwa kila mara kwamba lugha za Kibantu zitazamwe kabla ya lugha za mbali. Hapa kanuni hiyo ilisahauliwa.

Tausi na mbulu

Kongo ina kisa chake, nacho ni cha ndege. Mwaka 1909 kijana wa Kimarekani, James Chapin, aliingia Kongo pamoja na Herbert Lang kwa niaba ya jumba la makumbusho ya viumbe la New York. Mwaka 1913, huko Avakubi kwenye mto Ituri, alipata kofia ya manyoya, na humo akauona unyoya mmoja wa bawa, wa rangi ya udongo mwekundu na mistari myeusi, asioweza kumtaja mwenye nao. Aliuhifadhi. Kwa miaka ishirini na mitatu unyoya huo ulikuwa kama kisukuku: sehemu ya kiumbe bila kiumbe.

Mwaka 1936 Chapin alikuwa Tervuren, karibu na Brussels, katika jumba la makumbusho ya Kongo. Katika ushoroba mmoja, juu ya kabati, palikuwa na ndege wawili waliojazwa, waliosahauliwa. Kibandiko kilisema kwamba ni tausi wa kawaida wa Bara Hindi, wachanga, walioletwa kutoka nje. Chapin aliyatazama mabawa yao akaukumbuka unyoya wake. Mwaka huohuo alitangaza spishi mpya na jenasi mpya, Afropavo congensis, na mwaka 1937 akarudi Kongo, akapata ndege wenyewe msituni kwa msaada wa wawindaji wa huko.

Ni kibandiko, si ndege, kilichowapotosha watu wa Tervuren. Aliyekiandika alikuwa na neno moja tu la ndege wa umbo lile, na neno hilo lilimaanisha Asia. Kwa kuwa tausi ni wa Asia, basi aliyetoka Kongo lazima awe ameletwa. Wenyeji wa msitu hawakuwa na kikwazo hicho. Walikuwa wakimwinda na kumla, na katika sehemu kadhaa wakimwita mbulu.

Hapa Kiswahili nacho hakina budi kujitazama. Neno tausi limetoka katika Kiarabu, na lilifika pwani kwa bahari pamoja na sifa za ndege mwenyewe: uzuri, nakshi, majivuno. Washairi wamelitumia sana. Basi lugha hii, iliyovuka bara mpaka Maniema na Katanga, ilifika karibu na msitu ikiwa na jina la ndege wa ng'ambo na bila jina la jamaa yake wa nyumbani. Leo vitabu vikimtaja humwita “tausi wa Kongo”, yaani humfanya mfuasi wa yule wa Hindi, kama kilivyofanya kibandiko cha Tervuren. Ni kweli kwamba wawili hao ni ndugu, na uchunguzi wa chembe za urithi umelithibitisha hilo. Lakini undugu haumlazimishi mmoja achukue jina la mwenzake. Mbulu ni neno linalokubaliana na sauti za Kiswahili na muundo wake. Linaweza kuingia kamusini bila marekebisho yoyote.

Bonde la Upemba

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu mwaka 2015, ni njia panda ya reli: upande mmoja Kananga na Ilebo, upande wa pili Kabalo na Kalemie, upande wa tatu Bukama na Lubumbashi. Kwa wakazi wengi wa mji neno ndege huleta kwanza wazo la uwanja wa kijeshi, ingawa katika Kiswahili cha Katanga chombo hicho huitwa ndeke mara nyingi zaidi. Ndege wenye manyoya hutafutwa upande wa mashariki, katika bonde la Lualaba na maziwa yake, Upemba na Kisale, yaliyozungukwa na mafunjo na nyasi ndefu.

Bonde hilo limezoea kuhojiwa kwa mifupa. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wanaakiolojia walifukua makaburi tangu mwaka 1957, wakakuta vyungu, shaba na vyuma vya watu walioishi kabla ya dola la Waluba kujulikana. Pierre de Maret, aliyeendelea na kazi hiyo katika miaka ya 1970, aliweza kueleza baadhi ya vitu hivyo, kama mashoka ya heshima yenye mpini uliopigiliwa misumari, kwa sababu machifu wa Kiluba waliendelea kuvibeba vitu vya namna hiyo. Kaburi lilisomwa kwa msaada wa walio hai. Kwa ndege wa bonde lilelile kazi ya aina hiyo ni ndogo mno.

Kuna mifano miwili ya Katanga. Mwaka 1960 mtafiti Mbelgiji, Ruwet, alipata mnana mmoja katika ziwa la bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira. Mnana, yaani ndege msusi wa viota, ni wa spishi nyingi zinazofanana, na huyu hakutambuliwa upesi. Ni mwaka 1982 tu alipopewa jina Ploceus ruweti, kwa ushahidi wa ngozi ile moja. Hakuonekana tena na mtaalamu yeyote mpaka mwaka 2009, Michel Louette na Michel Hasson walipomkuta katika ziwa lilelile, akijenga viota vyake. Karibu nusu karne spishi nzima ilikuwa ngozi moja katika saraka. Ziwa hilo lina wavuvi wake, na mnana si ndege wa kujificha: hupiga kelele, hukaa kwa makundi, hujenga mbele ya macho ya watu.

Wa pili ni mdogo zaidi na habari zake ni chache. Mwaka 1928 Chapin, yule yule wa unyoya, alimpa jina Estrilda nigriloris ndege mdogo mla mbegu za nyasi aliyepatikana kwenye Lualaba. Baadaye alipatikana pia katika eneo la Upemba, na mara ya mwisho katika kipindi hicho ilikuwa mwaka 1950. Kisha miongo mingi ilipita bila taarifa. Watu wa bondeni hawakuondoka, wala nyasi, ila watafiti.

Katika miaka hiyohiyo vilichapishwa vitabu viwili vikubwa juu ya nchi hii. Mwaka 1953 kilitoka kitabu cha René Verheyen juu ya ndege wa Hifadhi ya Upemba, kutokana na msafara wa de Witte wa miaka ya 1946 hadi 1949. Mwaka 1954 Tervuren ilitoa kamusi ya Kiluba–Kifaransa ya Van Avermaet na Mbuya, kazi ambayo mpaka leo haijapata mfano wake kwa wingi wa maneno. Kimoja kilihesabu ndege, kingine kilihesabu maneno. Havikuandikwa ili visomwe pamoja, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa aliyekuwa na vyote viwili mezani angeweza kuanza kazi ambayo bado inangoja: kuliweka kila jina mkononi mwa ndege wake.

Kazi hiyo inazidi kuwa ngumu kila mwaka. Watoto wengi wa miji ya Katanga hukua wakisema Kiswahili, na Kiswahili cha mjini hutosheka na “ndege mdogo” pale ambapo babu alikuwa na majina kadhaa. Jina likipotea, huondoka pamoja na yaliyofungwa ndani yake: sauti ya ndege, msimu wake, mwiko wake, mahali pa kiota. Spishi isiyo na jina katika kinywa cha mtu yeyote hurudi kuwa ngozi katika saraka, hata ikiwa hai.

Namna ya kuuliza nayo ina athari. Mtafiti akionyesha picha na kuuliza “huyu ni nani?”, mara nyingi hupewa jina la jumla, kwa adabu tu, ili mgeni asiondoke mikono mitupu. Picha haina ukubwa wala mlio wala mwendo. Yafaa zaidi kuanza na jina na kumwomba msemaji aeleze: hulia vipi, hula nini, hutaga wapi, huliwa au haliwi, huja wakati gani wa mwaka. Majina mengi ya ndege huiga milio yao, na mwenye kulitamka jina vizuri huwa ameutoa na mlio. Aidha, si wazee peke yao wa kuulizwa. Wanaowajua ndege wala nafaka kuliko wote ni kina mama na watoto wanaoamia mashamba, na wavulana wanaotega kwa ulimbo. Hao huwashika ndege mkononi, na huona rangi ambazo mwenye darubini hazioni.

Kwa ndege wa Chapin swali lenyewe ni dogo. Jamaa yake wa kawaida, anayeonekana kwa makundi karibu kila penye nyasi, ana mstari mwekundu unaopita jichoni. Nigriloris ana weusi mahali hapo, kati ya mdomo na jicho. Mtoto wa Bukama au wa kando ya Ziwa Upemba aliyewahi kunasa kumi kwa siku moja anaweza kuulizwa, kwa Kiluba au kwa Kiswahili, kama wote walikuwa wekundu usoni, na kama wale weusi wana jina lao.